Chokaa Haikuuangusha Mji Mkongwe

Mvua za masika zikishakolea, Mji Mkongwe wa Unguja huingia katika msimu wa hukumu. Kipande cha ukuta kikimeguka Malindi au roshani ikining'inia Kiponda, picha huzunguka kwenye simu kabla vumbi halijatulia, na chini yake huandikwa maneno yale yale: chokaa imechoka, mawe yamezeeka, bomoeni mjenge kwa tofali. Hukumu hiyo ilipata nguvu zaidi tarehe 25 Disemba 2020, pale sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Sultani, ilipoporomoka pamoja na mnara wake wa saa, matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo imekuwa kazi kumwambia mtu kwamba jiwe na chokaa ni vifaa vya maana. Na nje ya mji, kuanzia Fuoni hadi Wete, tofali la saruji limekuwa ndilo cheti cha ujenzi. Mwenye kuta za tofali amejenga. Mwenye kuta za udongo au za mawe bado anajistiri tu, hata kama nyumba yake imesimama tangu enzi za babu yake.

Naona hukumu zote mbili, ile inayoilaumu chokaa na ile inayolitukuza tofali, zimezaliwa na kosa moja. Tunadhani uimara umo ndani ya kifaa kama utamu ulivyomo ndani ya muwa, kwamba ukinunua kifaa umenunua na uimara wake. Sivyo. Ukuta ni namna vipande vilivyopishanishwa, ni kile kilichowekwa baina ya vipande hivyo, ni njia ya maji kuingia na kutoka, na ni mtu anayekuja kuutazama baada ya mvua. Kiswahili kinalijua jambo hili kuliko sisi tunaokizungumza: tofali hufyatuliwa, ukuta hujengwa, na anayeujenga ana jina lake, mwashi, na kazi yake ina jina lake, uashi. Tukiendelea kuzungumzia vifaa na kuusahau uashi, tutaendelea kuziharibu nyumba za zamani kwa dawa isiyo yao, na kuinua mpya zitakazozeeka kabla ya wenyewe.

Tuanze na ukuta wa zamani, kwani ndio unaoshitakiwa. Jiwe lake ni tumbawe la kale lililogeuka mwamba, lile linalochimbwa maweni: jepesi, lenye matundu, lisilo na pembe mbili zinazofanana. Huwezi kulipanga kozi kwa kozi, yaani safu juu ya safu, kama tofali. Waashi walisimamisha nyuso mbili, ya ndani na ya nje, wakajaza katikati kwa mawe madogo na chokaa mpaka ukuta ukafika unene wa nusu mita au zaidi. Chokaa yenyewe ilitoka katika jiwe hilo hilo. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, aghalabu ya minazi, yakachomwa mpaka joto likafika kiasi cha nyuzi 900, hewa ya ukaa iliyomo ndani yake ikatoka, ikabaki chokaa hai. Ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikae, kisha ikachanganywa na mchanga. Ikishapakwa ukutani huanza safari ya kurudi ilikotoka: huivuta ile hewa ya ukaa kutoka angani, pole pole, kwa miezi na miaka, hadi inakuwa jiwe tena. Ukuta mzima, basi, ni tumbawe lililofungwa kwa tumbawe.

Kwa sababu hiyo ukuta ule una tabia mbili zinazopaswa kueleweka na kila anayetaka kuugusa. Ya kwanza ni kwamba una ulaini. Nyumba inapotua kidogo ardhini, chokaa hukubali kusogea, na nyufa ndogo ndogo huweza kujifunga zenyewe kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha tena ndani ya ufa. Ya pili ni kwamba unapumua. Unyevu hupanda kutoka chini na huingia kutoka nje, lakini hutoka vile vile, kupitia lipu ya chokaa na chokaa ya kupaka. Kinachochakaa kwanza ni lipu, na ndivyo ilivyokusudiwa, ngozi iumie ili mfupa ubaki salama. Juu ya kuta hizo zililazwa boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita tatu, vyumba vyetu vya zamani vikawa vyembamba na virefu. Mti ndio uliopima chumba. Halafu ikaja dari ya mawe na chokaa, iliyopigiliwa kwa vipande vya mbao siku baada ya siku, watu wakiimba ili mikono isichoke. Na mbele ya nyumba ukuta ukatoa baraza, mahali pa kukaa, kuuza kahawa na kusikiliza mtaani wamekufa wangapi. Sidhani kuna ukuta mwingine uliomfaa mwanadamu kwa njia nyingi namna hiyo.

Je, ukuta huo ni dhaifu? Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Jengo lenyewe limejengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, lakini jiwe lile lililochongwa bado linasomeka baada ya zaidi ya miaka 900 ya hewa ya bahari. Pemba, magofu ya Ras Mkumbuu yameachwa bila paa wala mtu wa kuyapaka chokaa kwa karne kadhaa, na bado kuta za msikiti na makaburi yenye nguzo zimebaki za kutosha kuonesha mpango wake. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza zilipiga mabomu kasri la Sultani kwa kiasi cha dakika 40. Beit al-Hukm, jumba mojawapo la kasri hilo, ikateketea, lakini Beit al-Ajaib, jirani yake, ikabaki imesimama na ikaendelea kutumika. Ukuta unaovumilia haya hauwezi kuitwa dhaifu kwa sababu tu umeshindwa na paa linalovuja ambalo halikuzibwa.

Na paa linalovuja ndilo kiini cha mambo. Nyumba ya mawe na chokaa haifi kwa uzee, hufa kwa maji yaliyokosa njia. Michirizi ikiziba, maji yakamiminika ukutani mwaka hadi mwaka, chokaa ya katikati huoshwa na mawe hubaki yamelaliana bila kushikana. Bomba likivuja chini ya msingi, ni hivyo hivyo. Duka likihitaji nafasi, ukuta wa ghorofa ya chini ukatobolewa, uzito wa ghorofa mbili za juu hutafuta pa kukaa na kupakosa. Lakini katika sababu zote hizi, iliyo mbaya kuliko nyingine ni ile tunayoifanya kwa nia njema: kumpigia mzee huyu lipu ya saruji.

Nyumba ya ukoo wetu ipo Malindi. Katika miaka ya 1990 tulichangishana, tukapiga lipu ya saruji kuta zote za chini, na tukafurahi kuona ukuta umenyooka kama karatasi. Baada ya miaka michache rangi ikaanza kufura usawa wa kiuno, kisha usawa wa kifua. Fundi aliyekuja kuibandua lipu, mzee wa Kipemba aliyekuwa amejifunza uashi kwa baba yake, alituita tutazame. Nyuma ya saruji mawe yalikuwa yamelowa, chokaa baina yake imekuwa kama unga, na ncha za boriti mbili zilizoingia ukutani zikamong'onyoka kwa vidole. "Maji mmeyafungia mlango," alisema, "basi yamekaa." Ndivyo ilivyo. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyozoea kutokea usawa wa kifundo cha mguu huzuiwa, yakapanda juu kutafuta pa kutokea, yakibeba chumvi ya ardhi na ya tumbawe. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu hufanya fuwele, fuwele huvimba na kulisaga jiwe. Nje ukuta unaonekana mzima. Ndani unaoza, na siku utakapodondoka, watu watasema chokaa imechoka.

Anayeileta Beit al-Ajaib kama ushahidi dhidi ya jiwe na chokaa amechagua shahidi asiyefaa. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 ili ishangaze, na ndiyo maana ikapewa jina hilo. Dari zake zilikuwa ndefu kupita kiasi, baraza pana zilizoizunguka zilishikwa na nguzo za chuma cha kuyeyusha, na sakafu zake za zege zilikalia mihimili ya chuma. Katika mji wote wa mawe hakuna nyumba isiyofanana na nyumba nyingine kama ile. Chuma kikikaa katika hewa ya chumvi hula kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya chuma kilichozaa kutu hiyo, kwa hiyo hupasua zege au jiwe lililokizunguka. Sehemu ya kona ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012, miaka minane kabla ya ile siku ya msiba. Somo la jengo lile linahusu chuma, uzito, maji na muda mrefu wa kuchelewa kushughulikia. Kulifanya somo la chokaa ni kumfunga aliyekuwepo mahali pa tukio kwa kuwa tu alikuwepo.

Wapo upande wa pili wanaosema saruji ni mgeni aliyekuja kutuharibia, na kwamba dawa ni kurudi kwenye chokaa, moja kwa moja, kila mtu. Nawaelewa kwa mapenzi yao, lakini historia haiwaungi mkono. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililowekewa msingi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lina paa la tao la saruji ya Portland iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Paa lile limedumu, na lilipohitaji ukarabati mkubwa, uliokamilika mwaka 2016, lilikarabatiwa na watu waliolijua limetengenezwa kwa nini. Kwa maana hiyo Unguja imekaa na saruji kwa takriban miaka 150. Saruji mahali pake ni kitu cha heshima. Ubaya wake huja pale inapovalishwa kifaa kisichochukuana nayo.

Tena hesabu ya watu haituachii nafasi ya kuota. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hao ni zaidi ya watu 586,000 walioongezeka ndani ya miaka kumi katika visiwa vilivyokwisha kujaa, na wote wanahitaji kuta. Tukisema kila nyumba ijengwe kwa mawe ya nusu mita na boriti za mikoko, mikoko itakwisha kabla mtaa mmoja haujakamilika, na kuni za kuchomea chokaa zitamaliza minazi iliyobaki. Tofali la saruji lilishinda kwa sababu nzito. Linafyatuliwa popote penye kalibu, lile fremu la kulitengenezea umbo, koleo na maji. Ukuta wake ni mwembamba, unaacha nafasi kwenye kiwanja kidogo. Na lina fadhila moja ambayo wataalamu wa majengo huisahau: linanunulika kidogo kidogo. Mvuvi wa Mkoani au mwalimu wa skuli ya Kinyasini hawezi kupata fedha ya nyumba kwa mkupuo, lakini anaweza kununua tofali 100 mwezi huu na 50 mwezi wa tatu baadaye. Rundo lililokaa kiwanjani likiota majani ni akiba ambayo haipandishiwi bei na haikopwi na jamaa. Ndiyo maana kuta nyingi vijijini husimama kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, miaka minne, zikingoja paa. Anayewacheka wenye kuta hizo hajui maana ya tofali kwa mtu asiye na mkopo.

Lakini kwa kuwa ni akiba ya maskini, ndiyo sababu ya kuuliza kwa ukali zaidi: ni tofali gani analouziwa? Hesabu yake anaweza kuifanya mtoto wa darasa la saba. Tofali la inchi sita, lile la urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, lina ujazo wa karibu lita 16. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Mfyatuaji akitoa tofali 25 kwa mfuko mmoja, amejaza kalibu kwa lita 400, yaani sehemu moja ya saruji kwa kama sehemu 11 za mchanga. Hilo tayari ni tofali la wastani, la kubeba nyumba ya chini tu. Akitoa tofali 50 kwa mfuko, amejaza lita 800, na saruji ile ile imetawanywa katika mchanga zaidi ya mara 20 ya ujazo wake. Kwa macho tofali hizi mbili hazitofautiani. Zote ni za kijivu na zote zina pembe nne, na ya pili ni rahisi kidogo, kwa hiyo ndiyo inayonunuliwa. Ukilikwaruza la pili kwa msumari, linatoa mchanga. Ukilidondosha kutoka usawa wa kiuno, mara nyingi halifiki chini na kubaki moja.

Kisha lipo suala la maji. Watu husema tofali "limekauka" kana kwamba kukauka ndiko kunakolitia nguvu, na hili ndilo kosa linaloharibu hata tofali lililochanganywa vizuri. Saruji hukomaa, na hukomaa kwa kunywa maji. Inahitaji kuloweshwa siku saba kwa uchache, ikiwa kivulini au imefunikwa, na nguvu zake hupimwa baada ya siku 28. Tofali lililofyatuliwa asubuhi, likaachwa kwenye jua la Januari hadi jioni, na kupakiwa kwenye gari keshoye, limenyang'anywa maji kabla halijashiba. Halitapata nguvu hiyo tena hata likikaa kiwanjani miaka kumi. Hakuna gharama hapa ila ndoo na subira, lakini subira imekuwa ndiyo kitu adimu kuliko saruji yenyewe.

Na hata tofali likiwa zuri, bado halijawa ukuta. Hapa ndipo uashi unapoanza, na hapa ndipo tunapowalipa mafundi kwa idadi ya tofali walizopandisha kwa siku, badala ya ukuta waliousimamisha. Tofali la kozi ya juu linatakiwa likalie maungio ya kozi ya chini katikati, ili uzito wa kila kipande ugawiwe kwa vipande viwili, kisha vitatu, kisha vinne, hadi chini kwenye msingi uwe umetawanyika. Ukiona maungio yamesimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu, hapo huna ukuta, una nguzo mbili zimesimama jirani, na siku ardhi ikitua kidogo kila moja itakwenda njia yake. Kwenye kona tofali za kuta mbili lazima ziingiane, moja ya huku, moja ya kule. Udongo wa saruji wa kujengea usizidi ugumu wa tofali lenyewe, ili pakitokea ufa upite kwenye maungio panapozibika, usilipasue tofali. Unene wa maungio uwe kama sentimita moja, lakini tofali zilizofyatuliwa kwa kalibu mbovu zimepinda, basi fundi hujaza sentimita tatu ili kuzinyoosha, na saruji iliyookolewa kwa mfyatuaji humalizwa na mwashi. Timazi na pima maji vipo kwenye mfuko wa kila fundi. Ni mara ngapi vinatolewa?

Pwani ina balaa lake la ziada. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi. Vikiingia kwenye zege lenye nondo, chumvi huitafuta nondo na kuilisha kutu, na kutu, kama kule Beit al-Ajaib, huvimba na kupasua kilichoizunguka. Anayesema nyumba ya saruji "haihitaji matunzo" na atazame nguzo za majumba yaliyo karibu na bahari, zile ambazo nondo zake zimechungulia nje zikiwa nyekundu. Katika hoja zote za wanaolitukuza tofali, hii ya kutohitaji matunzo ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi. Chokaa ikichoka inakuonesha mapema, rangi inabanduka, lipu inadondoka, unaitengeneza kwa mwiko na ndoo. Zege lenye chumvi hukaa kimya muda mrefu, na likishasema huwa limeshachelewa.

Mchanga wenyewe una kikomo. Unguja ina eneo la kilomita za mraba 1,660 hivi, na upande mkubwa wa mashariki ni uwanda, jiwe tupu lenye udongo kiganjani. Mchanga mzuri wa kujengea uko mahali pachache, khasa Kaskazini Unguja, na Serikali imelazimika kuuchimba kwa vibali kwa kuwa umo katika kundi la maliasili zisizorejesheka. Nyumba inayotumia tofali 3,000 imekula mita za ujazo 48 kwa tofali peke yake, kabla ya msingi, lipu na sakafu. Hizo ni safari saba za lori la mita saba. Tofali bovu linalovunjika njiani, au ukuta unaobomolewa baada ya miaka 15, ni mchanga uliochimbwa mara mbili kwa nyumba moja, na shimo lililoachwa kwenye ardhi ya mtu aliyekuwa akilima muhogo. Kwa hiyo ubora wa tofali ni suala la ardhi pia, na ningependa kuona wanaosimamia vibali vya mchanga na wanaosimamia viwango vya tofali wakikaa meza moja. Kwa Pemba, yenye udongo mwekundu mwingi kuliko Unguja, kuna njia ambayo Bara iliwahi kuhimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi: tofali za udongo zilizochanganywa na saruji kidogo, zikashindiliwa kwa mashine na kufungamana zenyewe kwa meno yake. Hazihitaji kuni za kuchomea na hupunguza mchanga. Lakini zinahitaji udongo uliopimwa, paa lenye upenu mpana wa kuzikinga na mvua, na, tumerudi pale pale, mwashi anayejua anachokifanya.

Hatua gani zinafuata, basi? Kwa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, ninaona jambo la kwanza ni kuipiga marufuku lipu ya saruji kwenye kuta za mawe na kuisimamia marufuku hiyo kama tunavyosimamia milango na roshani. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985 na ina macho makali kwa sura ya nje ya nyumba. Lakini nyumba huuliwa na kile kilichopo nyuma ya sura. Marufuku, hata hivyo, haitafaa kitu ikiwa chokaa iliyozimwa vizuri haipatikani madukani kama saruji inavyopatikana. Mtu mwenye ukuta unaomeguka leo hatangoja chokaa ya mwezi ujao. Nyumba nyingi za mjini ni za Serikali au za wakfu, na wakaazi wake hulipa kodi ndogo isiyoweza kutengeneza hata michirizi. Kumwambia mpangaji aipende nyumba ambayo si yake, wala kodi yake haiitunzi, ni kumtwisha lawama. Sehemu ya fedha zinazoingia kwa sababu watalii wanakuja kuzitazama kuta hizi ingekwenda kwenye mapaa na michirizi yake kabla ya kwenda kwenye taa za mapambo.

Na kwa majengo mapya, tunajenga skuli za ghorofa Unguja na Pemba kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona, na ninalifurahia hilo kwa moyo wote, kwa kuwa nimesoma darasani tukibanana watoto watatu kwa dawati moja. Lakini katika kila mkataba wa skuli ningeomba pawe na mstari unaotaka tofali zivunjwe kwa mashine ya kupimia kabla hazijapandishwa, na mwingine unaotaja siku za kumwagia maji, na malipo yazuiwe mpaka zote mbili zionekane kwenye karatasi. Katika vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, uashi usifundishwe kwa saruji peke yake. Kijana atoke akijua kuzima chokaa, kuipaka na kuitambua nyumba inayoitaka, kwani Zanzibar atakutana na kuta za aina zote mbili katika mtaa mmoja.

Yule mzee aliyetubandulia lipu Malindi hakupaka kitu siku ile. Alituambia tuuache ukuta uchi mpaka kaskazi imalize kuupitia, na tukangoja miezi mitatu, wageni wakituuliza kwa nini tunaishi kwenye gofu. Aliporudi alikuja na mjukuu wake wa kumbebea ndoo. Alimfundisha palepale uani: namna ya kuzima, namna ya kuchuja, namna ya kuujua uzito wa chokaa kwa jinsi inavyoteleza kwenye mwiko. Kijana alikuwa na mkono mzuri. Siku ya mwisho, babu yake akiwa anasali, nilimuuliza ataendelea na kazi hii. Akaniambia anadunduliza fedha anunue bodaboda, kwa sababu katika mwaka mzima ule, nyumba yetu ilikuwa ya pili kumwita babu yake.